Kibanda cha Mizani na Krimu ya Komamanga

Kila siku nikirudi nyumbani Al Amerat, kabla sijavua baibui, nilikuwa nikiingia msalani, nachukua pamba, naitia maji ya waridi, najifuta uso. Pamba ya kwanza hutoka nyeusi. Ya pili hutoka kijivu. Mpaka niipate moja iliyotoka nyeupe, ndipo nikijihisi kuwa nimefika. Mama yangu, akiwa sebuleni anasikia bomba la maji, huniuliza kwa sauti, "Leo pamba ngapi?" Nikimjibu tatu, husema alhamdulillah. Nikimjibu tano, hasemi kitu.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha kukata marumaru huko Rusayl, eneo la viwanda. Kazi yenyewe haina maelezo mengi. Lori linapanda juu ya sahani ya chuma iliyolala ardhini, mimi nimo ndani ya kibanda cha vioo pembeni yake, nasoma uzito kwenye skrini, nafungua kidirisha, napokea karatasi za dereva, nagonga muhuri, namrudishia, nafunga. Lori linashuka, jengine linapanda. Nyuma yake yako mengine kumi yanasubiri, na yote injini zinaunguruma. Bomba la moshi la malori mengi limetokeza ubavuni, upande wetu. Kila nilipofungua kidirisha, moshi ulikuwa ukiingia kabla ya karatasi.

Ndani ya kibanda tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minane, na familia yao imetoka Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimenyooka, na mara nyengine akinicheka ninavyosema "nnataka" na "jengine". Tulikuwa tukipokezana: saa moja mmoja kwenye skrini, mmoja kwenye kidirisha, kisha tunabadilishana viti. Kubadilishana kwenyewe kulitaka adabu, maana mmoja lazima asimame ajibane ukutani mwengine apite. Kutoka nje wakati malori yamepanga hakukuruhusiwa, ila kwa msala au chakula, na malori yalikuwa yamepanga siku zote.

Nilikaa kwenye kile kiti miaka kumi na moja. Mtu ataniuliza kwa nini sikuondoka. Nilijaribu. Nilipeleka maombi sehemu nne, na kila pahala walitaka shahada niliyokuwa sina au umri niliokuwa nimeshaupita. Baba alikwishafariki, ndugu zangu wana nyumba zao na watoto wao, na mimi ndiye niliyebaki na mama. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukiendesha nyumba. Kwa hiyo kila asubuhi niliingia garini, nikaipanda barabara ya mlimani pamoja na watu wote wa Al Amerat wanaofanya kazi ng'ambo ya pili, nikakaa kwenye foleni ya magari ili nifike kwenye foleni ya malori.

Weusi ulianza kama vivuli viwili chini ya macho. Nikadhani uchovu. Kisha ukashuka mashavuni, ukapanda juu ya mdomo, madoa ya rangi ya kahawa yenye kingo zisizoeleweka. Mimi si mtu wa kujitazama sana. Lakini siku moja nilikuwa harusini, bibi mmoja nisiyemjua akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye taa, akauliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, umeungua na nini?" Wanawake wa pale karibu wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo sikwenda harusi yoyote mwaka mzima. Mama akenda peke yake, akirudi ananiambia nani kaniuliza, na mimi nasikitika kama mgonjwa anayeletewa salamu.

Mama hakukaa kimya. Yeye amezaliwa Unguja, na kwake yeye hakuna ngozi isiyotibika kwa singo, ule mchanganyiko wa kusingwa bibi arusi. Akaagiza mawaridi makavu, akasaga liwa, akaloweka mchele, akatia karafuu nyingi kuliko kawaida kwa sababu ugonjwa nao, alivyosema, si wa kawaida. Nyumba nzima ikanukia kama anatolewa bibi arusi.

"Kaa hapo, nnakwambia," alisema. "Moshi huu si lolote. Sisi tumepikia kuni maisha yetu, na ngozi zetu hizi hapa."

"Kuni si dizeli, mama."

"Weye kaa."

Nikakaa. Akanipaka uso mzima kwa vidole vyake, taratibu, na mimi nilifumba macho nikajiona mtoto. Baada ya dakika chache uso ukaanza kuwaka. Nilivumilia kwa ajili yake mpaka machozi yakanitoka, nikakimbilia bomba. Jioni ile nilikuwa mwekundu kama niliyepigwa makofi. Mama alikaa kitandani kwangu, mikono yake bado ina rangi ya liwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nilizidisha karafuu." Kunipaka tena hakunipaka.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Alhamisi moja, badala ya kwenda nyumbani, nilishuka madukani Hamriya. Nilikuwa nimeambiwa kuna duka la mafuta na manukato ambalo mwenyewe anazijua dawa za uso. Nilimkuta mwanamke mchangamfu, akanitazama mara moja tu, akainama chini ya meza, akatoa kichupa kisichoandikwa kitu.

"Hii ya miti mitupu," aliniambia. "Chai ya kijani, mlonge, komamanga. Inakula moshi wote."

"Mbona haina karatasi?"

"Karatasi ya nini? Tazama uso wangu mimi."

Uso wake ulikuwa unang'ara. Nikanunua. Siku tisa za mwanzo nilidhani nimepona. Madoa yalififia, nikawa najitazama kwenye kioo cha gari kwenye foleni, napinda shingo huku na huku. Siku ya kumi ngozi ikaanza kubambuka pembeni ya pua. Ya kumi na mbili sikuweza kucheka bila ya kusikia mpasuko. Nikavaa barakoa ya hospitali, nikaenda nayo kazini, nikala chakula changu nimeipa mgongo skrini, na mwenzangu kwa heshima yake hakuniuliza. Nyumbani nilijifungia chumbani. Mama alibisha mlango akasema, "Nifungulie, mimi ndiye niliyekuzaa." Nikafungua. Alipouona uso wangu alikaa sakafuni.

Daktari wa ngozi tuliyekwenda kwake alikuwa mwanamke wa makamo, na aliposikia mama anavyoongea nami akaacha Kiarabu akatusemesha Kiswahili. Alikinusa kile kichupa, akakiweka mbali na yeye. Akasema hajui undani wake, lakini dawa inayosafisha haraka namna ile aghalabu ina kitu kikali ambacho mtu hatakiwi kujipaka bila ya daktari. Akanipa marhamu ya kutuliza, akaniambia nirudi baada ya mwezi, ngozi ikishapoa.

Niliporudi, nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. "Daktari, hiyo miti ni uongo mtupu?"

Akamgeukia mama. "Bimkubwa, ukikata biringani unalitia wapi?"

"Majini," alisema mama. "Nakamulia na ndimu."

"Kwa nini?"

"Lisipige weusi."

"Basi," alisema daktari. Akanieleza kwamba masizi ya dizeli ni chembe ndogo sana, zinanata usoni, na zikikaa zinayaharibu mafuta ya ngozi kama samli iliyoachwa wazi. Ngozi inajitetea, na katika kujitetea kwake inatoa rangi. Ndani ya mimea mna vitu viitwavyo antioksidanti. Kazi yake ni kujitoa vyenyewe: huharibika vyenyewe kwanza, ili ngozi isiharibike. Vimo kwenye ndimu, kwenye chai ya kijani, kwenye ganda la komamanga. "Hata kwenye karafuu," aliongeza, na mama akainua kichwa. "Ila karafuu mbichimbichi juu ya uso ni pilipili, bimkubwa. Inataka kupimwa."

"Nilizidisha," alisema mama.

"Kwa hiyo nikipaka nitapona?" niliuliza.

Daktari alinisogezea kikopo kidogo cha krimu. "Itakusaidia. Utaosha uso ukimaliza kazi, utapaka hii asubuhi, juu yake utapaka ya kukinga jua. Lakini mimi siwezi kukudanganya. Ndimu inalisaidia biringani lililomo bakulini. Ukilitia biringani motoni, ndimu haina kazi. Ondoka kwenye moshi."

Njiani mama alinishika mkono juu ya gia. Hakuuachia mpaka tukaushuka mlima.

Nikaandika barua ya kuomba kuhamishwa. Mudiri wetu, yaani meneja wa kiwanda, alikuwa kijana, mdogo kwangu, mwenye adabu, kanzu yake siku zote nyeupe imepigwa pasi. Mimi na yeye tulikuwa tukizungumza Kiarabu. Aliisoma barua yangu mbele yangu, akasema amesikitika, akasema nafasi ofisini hakuna kwa sasa, akasema ataliangalia. Nilikuwa nimeeleza pia kwamba kidirisha kingewekewa droo, kama ile ya vituo vya mafuta, karatasi zingepita bila ya moshi kupita. Akaandika neno "droo" kwenye karatasi yake na akalipigia mstari.

Wiki zikapita. Nilimkumbusha mara mbili. Halafu asubuhi moja alikuja mwenyewe kibandani, jambo ambalo halijawahi kutokea, amebeba boksi. Akaliweka juu ya meza, baina ya muhuri na simu.

"Hatukukusahauni," alisema.

Ndani mlikuwa na makopo ya krimu, mazuri, mazito mkononi, yamechorwa komamanga lililopasuliwa na majani mawili ya chai. Maandishi yalisema ni kinga ya ngozi dhidi ya hewa chafu kwa nguvu ya mimea. Mwenzangu alifungua kopo moja akanusa, akatabasamu. Kweli lilinukia vizuri. Kisha mudiri akatoa karatasi mbili, moja yangu, moja ya mwenzangu.

Niliisoma yangu. Ilisema kwamba mfanyakazi amepokea vifaa vya kumkinga na moshi, kwamba vifaa hivyo vinatosha, na kwamba hana dai jengine kuhusu jambo hilo.

"Na droo?" nilimuuliza.

"Inshallah. Hii ndiyo hatua ya kwanza."

"Hii inasema inatosha."

"Ni maneno ya karatasi tu, dada yangu. Wa juu wanataka waone tumefanya kitu."

Mwenzangu alikwishasaini. Nje, dereva alikuwa anapiga honi. Nyuma yake mwengine naye akapiga. Mudiri alikuwa amesimama mlangoni, na kwa sababu kibanda kilikuwa kidogo, mimi nisingeweza hata kusimama bila ya yeye kutoka kwanza. Nilikuwa na kalamu mkononi, ileile ya kuandikia uzito.

Nikasaini.

Sikumwambia mama. Nilimwonyesha kopo, akalipenda, akasema angalau wamekujali. Nikajipaka kila asubuhi kama nilivyofundishwa na daktari, na uso wangu, nisikufuru, ulitengenea kiasi. Lakini kila nilipochovya kidole mle ndani nililiona jina langu chini ya ile karatasi.

Majira ya joto yakaingia. Kiyoyozi cha kibandani kilikuwa kikijitahidi, ila kila kidirisha kikifunguliwa tulikuwa tunaanza upya. Siku moja nilifungua kopo nikakuta krimu iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya chai, na harufu imebadilika. La mwenzangu vilevile. Nilimpigia simu daktari. Akaniuliza nilikuwa naliweka wapi. Nikamwambia kibandani, dirishani.

"Imekwisha kazi hiyo," alisema. "Imejitoa yote kwa lile joto kabla haijafika usoni kwako. Itupe."

Nikaitupa. Nikaona, kama hakuna wa kunisaidia, nitajisaidia. Wakati wa chakula nilitoka nikaenda mpaka kwenye lori la kwanza lililokuwa likisubiri. Nilimjua dereva wake kwa sura. Mtu wa Peshawar, ndevu zimeanza mvi, amekuwa akipita kwetu miaka mingi. Nikamwambia kwa Kiarabu chepesi, "Ndugu, mkizima injini mkisubiri, itanisaidia. Moshi wote unaingia kwangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa lori kwa upana, akaniashiria nisogee. Upepo wa baridi ulitoka mle ndani, dhaifu, ukapotea mara moja.

"Ukhti, dada yangu," alisema, "nikizima, na hii inazima." Akaligusa tundu la kiyoyozi. "Hapa nasubiri saa moja, saa mbili. Kivuli hamna. Kushuka hawaturuhusu, wanasema hatari. Nizime?"

Aliniuliza kwa kweli, si kwa kejeli. Nikaamini kwamba ningesema zima, angezima. Nilimtazama, na upande mmoja wa uso wake, ule wa dirishani, umekuwa mweusi na mkavu kuliko wa pili. Nilikuwa nimekuja kudai haki yangu kwa mtu aliyefungwa kama mimi, ila kifungo chake yeye kina magurudumu.

"Usizime," nilisema.

Akaniuliza nimepaka nini usoni, maana nilikuwa naonekana naendelea vizuri. Nikamwambia. Akacheka, akasema atamnunulia mkewe. Nikarudi kibandani.

Wiki ile ile mwenzangu alianza kutapika. Mara ya kwanza alisema ni samaki wa jana. Mara ya tatu nilimfuata msalani nikamkuta ameinama, ameshika ukuta, na nilipompa maji aliniangalia kwa namna ambayo sikuhitaji kuambiwa.

"Miaka tisa," alisema. "Dada, miaka tisa nimengoja. Mimba mbili zimetoka. Zote nilikuwa nimeshasema kwa watu. Hii sisemi kwa mtu yeyote mpaka mwezi wa nne upite."

"Na mudiri?"

"Hata mudiri. Naogopa. Nikisema itatoka."

"Na moshi?"

Akalia bila ya sauti, huku akijifuta haraka, kwa sababu malori yalikuwa yamepanga. Tulirudi ndani, na tangu saa ile sikumwachia tena kidirisha. Alikaa kwenye skrini siku nzima, nami nikakaa kwenye moshi siku nzima. Lakini kibanda ni kimoja, na hewa ni moja. Nilikuwa naliona hilo kila nikifungua. Hakuna krimu ya mapafu. Hakuna komamanga la kumpaka mtoto aliye tumboni. Na mimi ndiye niliyesaini kwamba inatosha.

Siri yake sikuwa na haki ya kuitoa. Kilichokuwa changu ni uso wangu tu na saini yangu. Kwa siku saba nikaziweka pamba. Badala ya kuzitupa, nilizikausha, nikazibandika kwenye karatasi nyeupe, siku moja ukurasa mmoja, na juu yake nikaandika jina la siku. Mama aliniona mezani nimezipanga.

"Unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipomweleza yote, karatasi, saini, kila kitu isipokuwa mimba ya mwenzangu. Alinisikiliza huku akizitazama zile pamba.

"Kwa hiyo ulisaini kwamba umetosheka."

"Nilisaini."

"Basi nenda ukafute," alisema mama. "Mtu akikosea kusema si husema tena?"

Nilikwenda Jumapili asubuhi. Mudiri aliziangalia kurasa moja moja, akafika ya Alhamisi, akarudi ya Jumapili iliyopita. Nilimpa na barua. Ilisema naifuta saini yangu ya mwanzo. Krimu nimeipokea, nashukuru, lakini si kinga ya kutosha, na sisemi kwa niaba ya mtu mwengine yeyote.

"Karatasi ikishatiwa saini haifutiki hivi," alisema.

"Basi iweke na hii pamoja nayo."

"Dada yangu, unajua mimi siamui peke yangu."

"Najua," nilisema, na nilikuwa najua kweli. "Sikuombi uamue. Nakuomba uje ukae kwenye kiti changu saa moja."

Nilidhani atakataa. Akaitazama saa yake, akainuka, akachukua simu yake. Tukaenda pamoja juani. Mwenzangu alipomwona anaingia alisimama, akajibana ukutani, alidhani nimeitoa siri yake. Nikamtikisia kichwa kidogo, hapana. Mudiri akakaa kwenye kidirisha. Mimi nikasimama nyuma yake nikimwambia cha kufanya: fungua, pokea, gonga, rudisha, funga. Lori la kwanza alifanya akicheka kidogo. La tatu alianza kukohoa. Kwenye la sita au la saba alisahau kufunga, moshi ukaingia wote, akajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Alipoushusha mkono, kwenye ukingo wa ile kanzu nyeupe palikuwa na alama ya kijivu yenye umbo la mdomo wake. Akaiona. Akajaribu kuipangusa kwa kidole, ikaenea.

Saa haikutimia. Aliinuka, akasema ana simu ya kupiga, na mlangoni akageuka akasema, "Samahanini." Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, kabla wala baada.

Kabla ya mwezi kwisha wakaja mafundi. Wakaking'oa kidirisha, wakatia kioo kizima, chini yake wakaweka droo ya chuma inayosukumwa, na pembeni ya vioo wakapiga mpira. Juu wakaweka mashine ya kuchuja hewa. Kivuli cha madereva, ambacho nilikiomba kwenye barua nyengine baada ya kuzungumza na yule wa Peshawar, hakikujengwa. Nimeandika tena mara tatu. Injini bado zinaunguruma, na wale watu bado wanasubiri juu ya viti vyao.

Mwenzangu alimaliza mwezi wa nne salama, akamwambia mudiri, na safari hii nafasi ofisini ikapatikana, huko mjini. Siku ya mwisho alinikumbatia mle mle kibandani, matumbo yetu yamebanwa na meza, akaniambia, "Ulisemea uso wako tu." Nikamwambia ndiyo, uso wangu tu.

Nikabaki. Hawajaniletea mwengine, kwa droo, walisema, mtu mmoja anatosha. Usoni madoa mengi yameondoka, yaliyobaki ni yale ya juu ya mdomo, na daktari anasema huenda hayo tukaishi nayo. Pamba zimekuwa mbili, siku nyengine moja. Hilo ndilo nililolitaka, nami namshukuru Mungu. Lakini sikulijua jambo moja, kwamba kidirisha kile ndicho kilichokuwa mlango wangu. Zamani dereva akinipa karatasi alikuwa ananiambia habari, joto la leo, mtoto aliyezaliwa kwao, nani kaenda likizo. Sasa naiona midomo yao inacheza nyuma ya kioo na sisikii kitu. Yule wa Peshawar mwanzo alikuwa anapaza sauti. Siku hizi ananipungia mkono tu. Saa nane nakaa ndani ya hewa safi, sijamsemesha mtu, na nikitoka jioni sauti yangu ya kwanza hutoka imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Mwenzangu alijifungua mtoto wa kike. Siku ya arubaini yake alipita kiwandani kuchukua karatasi zake za likizo, akamtia mtoto kwenye gari, akaja mpaka upande wa mizani anionyeshe. Malori yalikuwa yamepanga. Akasimama nje ya kioo, akamfunua mtoto uso, akamwinua. Nilimwona ana nywele nyingi na amekunja ngumi. Mwenzangu akasema kitu kirefu, anacheka, na mimi nikatikisa kichwa kumwonyesha kuwa simsikii. Honi ikapigwa. Akamfunika mtoto haraka kwa ajili ya moshi, akakimbilia gari.

Ijumaa nilikwenda kwao na mama. Mama alimpokea mtoto, akamsomea, akanipa. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Mwenzangu akanikalia karibu akaanza kuniambia habari za ofisi mpya, kwamba amewekwa chumba cha mafaili kisicho na dirisha hata moja, na kwamba anakukumbuka kule kujibana kwetu tukibadilishana viti. Kisha akaniuliza, "Na wewe, dada, utatoka lini?"

Nikamwambia nimepeleka maombi sehemu ya tano, na sijajibiwa. Mtoto alikuwa ameamka, ananitazama. Mama akasema tumwache alale, lakini mimi nikaomba nikae naye kidogo, nikaanza kumwambia habari zangu za wiki nzima.